Fumbo na Mkono Uliolifumba

Mwanamke akitoka nyumbani kwake Kibokoni amejifunga leso yenye jina kali, jirani aliyekosana naye jana huisoma mara moja na kujua kwamba amesemwa. Huenda amesemwa kweli. Huenda pia leso nyingine zote zilikuwa kambani hazijakauka, na hii ndiyo iliyobaki sandukuni. Maneno ni yale yale na nguo ni ile ile. Tofauti yote iko kwa aliyeivaa: aliichagua, au aliikuta? Watu wa Mombasa wamelelewa katika kusoma ishara za namna hii, ndiyo maana baraza za Mji wa Kale ziliingia kwa wepesi katika ubashiri wa tamthilia za majoka na viti vya enzi. Ujuzi wa kufumbua tunao. Swali la leso ndilo tunalolisahau.

Makala haya yanaizungumzia tamthilia ya Game of Thrones yote, House of the Dragon, tamthilia ya vizazi vilivyotangulia, hadi mwisho wa msimu wa 2, na vitabu vyake. Ambaye bado anatazama na hataki kuharibiwa uhondo, aahirishe kusoma.

Game of Thrones ilirushwa kuanzia tarehe 17 Aprili 2011 hadi 19 Mei 2019, vipindi 73 katika misimu minane. Jumapili saa tatu usiku ya New York ni Jumatatu saa kumi alfajiri ya kwetu. Mwenye kuamka aliweza kumaliza kabla jua halijachomoza, wa vibandani akasubiri nakala ya flashi, na baada ya Isha barazani palikuwa na nadharia tatu au nne zikigombea buli moja la kahawa. Nyingi zilikufa. Hazikufa kwa sababu waliozitunga walikuwa wajinga. Zilikufa kwa sababu walikisoma kama fumbo kitu ambacho hakuna aliyekifumba, au walilichukua fumbo la kitabu wakaliwekea dau kwenye skrini.

Tuanze na nadharia iliyothibiti, maana ndiyo kipimo cha nyingine. Jon Snow, mmoja wa wahusika wakuu, si mwana wa nje wa Ned Stark, bwana wa Winterfell. Ni mwana wa mwanamfalme Rhaegar Targaryen na Lyanna Stark, dadake Ned. Kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin kilitoka 1996, na kufikia 1997 wasomaji walikuwa wameshaiandika hoja hii hadharani. Televisheni iliithibitisha tarehe 26 Juni 2016. Miaka kumi na tisa! Ilidumu kwa sababu dalili zake hazikuegemeana: ukiondoa moja, nyingine zinabaki zimesimama. Katika kitabu hicho Ned ana sura 15 tunazozisikia kutoka kichwani mwake, na mara kwa mara anamkumbuka Lyanna akifa kitandani penye damu, akimwomba ahadi ambayo yenyewe haitajwi. Kuna mawaridi ya buluu yanayomfuata Lyanna kila anapokumbukwa. Na kuna hesabu ya askari, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Walinzi watatu wa mfalme, akiwemo kamanda wao Gerold Hightower, walikuwa wakilinda mnara mmoja ulio mbali na kila vita, ilhali mfalme wao ameshauawa na mrithi aliyejulikana, Viserys, yuko kisiwani Dragonstone. Kiapo chao ni kumlinda mfalme. Mle mnarani walikuwa wakimlinda nani?

Swali la aina hiyo ndilo alama ya fumbo lililofumbwa kwa makusudi. Mambo mawili ambayo mwandishi ameyaeleza wazi yanagongana, na jambo la tatu lisilosemwa ndilo linaloyapatanisha. Televisheni nayo iliweka ya kwake. Katika kipindi cha 2 cha msimu wa 1, Ned anamwambia Jon kwamba ana damu yake, hamwiti mwanawe, kisha anaahidi kwamba wakionana tena watazungumza juu ya mama yake. Hawakuonana tena. Halafu katika kipindi cha 4 cha msimu wa 5, Littlefinger anamsimulia Sansa habari za Rhaegar makaburini Winterfell, na Barristan anamsimulia Daenerys, dadake Rhaegar, habari za huyo huyo Rhaegar huko Meereen. Watu wawili wasioonana, katika kipindi kimoja, wanamrudia mtu aliyekufa kabla ya hadithi kuanza. Dakika za televisheni ni ghali. Hazitolewi kwa mfu asiyehitajika.

Hata hivyo waliopatia nasaba walikosea hatima. Karibu kila aliyeishikilia nadharia hiyo aliongeza mkia: basi Jon atakaa kitini. Aliyekaa ni Bran, mwana wa Ned. Isaac Hempstead Wright, aliyemwigiza Bran, alisema watayarishaji walimweleza kwamba mambo mawili ya mhusika wake yalitoka kwa Martin mwenyewe: asili ya jina la Hodor, mtumishi wake, na Bran kuwa mfalme. Nasaba ni jambo lililokwisha kutokea likafichwa, kwa hiyo lina nyayo. Hatima haijatokea, na dalili zake ni za namna nyingine kabisa. Kuzipima zote kwa mizani moja ndilo kosa ninaloliona likirudiwa zaidi barazani, na hulifanya watu wenye kumbukumbu nzuri kuliko wengine.

Chukua macho aliyobashiriwa Arya, bintiye Ned. Katika kipindi cha 6 cha msimu wa 3, mwezi wa Mei 2013, kuhani Melisandre anamwambia Arya kwamba anaona macho atakayoyafunga milele: ya kahawia, ya buluu, ya kijani. Tarehe 28 Aprili 2019, katikati ya vita vya Winterfell, anamkumbusha maneno hayo, lakini sasa mpangilio ni kahawia, kijani, buluu. Buluu imesogezwa mwisho ili imwangukie Night King, mfalme wa wafu mwenye macho ya buluu. Wengi walisherehekea fumbo la miaka sita lililofumbuka. Lakini watayarishaji, David Benioff na D. B. Weiss, walieleza kwamba walijua kwa kiasi cha miaka mitatu tu kuwa Arya ndiye atakayemwua. Toa mitatu kwenye 2019, hufiki 2013. Hiyo ilikuwa leso iliyokutwa sandukuni ikavaliwa siku iliyofaa. Ni kazi halali ya uandishi, na ilifanywa kwa ustadi. Ila mwaka 2013 hapakuwa na cha kufumbua.

Aliyekifuata kisu alikaribia zaidi. Kisu cha chuma cha Valyria kilichotumwa kumwua Bran msimu wa 1 kinapotea machoni kwa muda mrefu, kisha katika kipindi cha 4 cha msimu wa 7 Littlefinger anampa Bran, Bran anampa Arya. Kipindi hicho hicho Arya akipimana nguvu na Brienne anakiachia kisu kwa mkono mmoja na kukidaka kwa mwingine. Ni mwendo ule ule alioutumia kumwua Night King. Ungeandika tu majina ya waliokuwa na chuma cha Valyria usiku wa vita, ungepata Jon, Brienne, Jaime, Jorah na Arya. Watu watano. Kioo cha joka nacho huwaua White Walkers, wale viumbe wa barafu wa Night King, lakini kiligawiwa kwa askari kwa wingi, kwa hiyo hakimtofautishi mtu na mtu. Kati ya hao watano, mmoja ndiye aliyeonyeshwa akipewa silaha na kufanya mazoezi nayo mbele ya kamera ndani ya saa moja. Kifaa kinachoonyeshwa kwa karibu kimetengenezwa, kimepangiwa ratiba na kimepewa mikono ya kukishika. Unabii hugharimu sauti ya mwigizaji tu. Ndiyo sababu kwenye televisheni navipa vifaa uzito kuliko bishara.

Kwenye bishara lugha yetu inatupa faida. Katika kitabu cha nne, cha 2005, mtabiri Maggy anamwambia Cersei, malkia wa baadaye, kwamba atanyongwa na "valonqar", neno la Kivalyria analoelezwa kuwa ni ndugu mdogo wa kiume. Cersei anaamua ni mdogo wake Tyrion, na maisha yake yote yanazungushwa na hofu hiyo. Wasomaji wa Kiingereza walitumia miaka kujadili kama neno lile lingeweza kumhusu mwanamke. Msemaji wa Kiswahili akisikia "mdogo wako atakunyonga" anauliza papo hapo: mdogo yupi, wa kiume au wa kike? Na mdogo wa nani hasa, wangu mimi au wa mtu mwingine? Kitabu hicho hicho kina mwanazuoni mzee, Maester Aemon, akilia kwamba wanazuoni walipotea kwa kosa la tafsiri, wakimtafuta mwanamume aliyeahidiwa ilhali majoka hayana jinsia moja. Sisi tungesema mwana wa mfalme aliyeahidiwa, na mtego usingekuwapo. Tarehe 23 Julai 2017 televisheni ilimpa mkalimani Missandei kazi ya kueleza jambo hilo mbele ya Daenerys na Melisandre. Kwa mtazamaji wa hapa yalikuwa maelezo ya kitu ambacho sarufi yake ilishamwambia.

Mlango wa lugha hufungwa pia. Tarehe 22 Mei 2016 jina la Hodor lilifumbuka: ni agizo la Kiingereza la kuzuia mlango, "hold the door", lililobanwa kinywani hadi likawa silabi mbili. "Shikilia mlango" haibaniki ikawa Hodor hata ukiikimbiza vipi. Aliyetegemea tafsiri chini ya skrini hakuwa na nafasi hata ndogo, na si kosa lake.

Turudi kwa valonqar, maana hapo ndipo fedha za dau zilipopotea. Kipindi cha kwanza cha msimu wa 5 kilimwonyesha Cersei mdogo kwa Maggy, tukasikia habari za malkia mwingine na za watoto watakaokufa. Habari ya kunyongwa iliachwa nje. Haikukatwa kwa bahati: ni sentensi maarufu kuliko zote za sura ile. Hata hivyo kwa miaka minne watu waliendelea kubishana ni mikono ya nani itakayomkaba Cersei wa skrini, na tarehe 12 Mei 2019 alipokufa chini ya kifusi akiwa kifuani kwa pacha wake Jaime, wakalalamika kwamba fumbo limesalitiwa. Skrini haikuwa na fumbo hilo. Utendi wa Fumo Liyongo ukishakutajia sindano ya shaba na kitovu, unajua kwamba sindano itafika kitovuni, kwa sababu sauti inayosimulia ni moja tangu beti ya kwanza. Tamthilia ya vipindi 73 ina waandishi kadhaa, waongozaji wengi, mikataba ya waigizaji inayokwisha, na kitabu cha sita ambacho hakikuwa kimetoka walipokihitaji.

Kwa hiyo anayetaka nadharia yake isimame aweke daftari. Kila dalili aiandikie mahali ilipotoka: kitabu, skrini, au maneno ya watengenezaji nje ya hadithi. Msimu, kipindi, dakika. Nani alisema, mbele ya nani, na kama msemaji alikuwa na sababu ya kudanganya. Kisha aandike, kabla ya kuendelea, tukio gani likitokea ataiacha nadharia hiyo. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa. Nadharia kwamba Bran ndiye Night King iliishi muda mrefu kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kusema ni tukio gani lingeiua. Kila kikwazo kiligeuzwa kuwa safari nyingine ya Bran kwenye wakati uliopita. Kisichoweza kukanushwa hakijasema kitu.

Ubora wa nakala nao unaharibu hoja nyingi kuliko watu wanavyokiri. Nakala za flashi mara nyingi zimekatwa yale mafupi ya "yaliyojiri" mwanzoni, ilhali hapo ndipo mtayarishaji anapokuambia kwa mdomo wake ni tukio gani la zamani unalohitaji leo. Akirudishwa mtu uliyemsahau kwa misimu miwili, jua ana kazi katika saa hiyo. Zimekatwa pia picha za utangulizi, ambazo katika Game of Thrones ramani yake ilibadilika kufuata miji ya kipindi husika. Vita vya Winterfell, kipindi cha dakika 82 kilichopigwa kwa usiku 55, kilikuwa cheusi hata kwenye runinga nzuri. Ukikibana faili hadi kiingie mahali padogo, vivuli vinaungana na kuwa madoa, na watu hujenga hoja juu ya madoa. Kabla ya kusema umeona mtu nyuma ya nguzo, tafuta nakala kubwa zaidi, ongeza mwangaza wa skrini, zima taa ya chumba, tazama tena.

Na habari iliyovuja si nadharia. Msimu wa 5 ulipoanza Aprili 2015, vipindi vinne vya kwanza vilikuwa vimeshavuja. Mtu aliyeviona akaja barazani kubashiri kipindi cha 3 hakubashiri. Amewaibia wenzake.

House of the Dragon ina shida ya namna nyingine, na kwa msomaji wa pwani ni shida tamu. Kitabu chake, Fire & Blood cha 2018, si riwaya ya kawaida. Kimeandikwa kama tarikhi, na mwanahistoria wake wa kubuni anapokea kwa watu wasiokubaliana: Septon Eustace, mtu wa dini anayeegemea upande wa Aegon dhidi ya dada yake Rhaenyra katika vita vya kugombea kiti, mwanazuoni Munkun, anayetegemea ungamo la Grand Maester Orwyle, aliyekuwa na kichwa chake mwenyewe cha kuokoa, na Mushroom, mchekeshaji wa ikulu anayependa kila habari iwe na aibu ndani yake. Hapa tunarudi kwenye isnadi. Habari haipokelewi kabla ya kuuliza imepokewa kwa nani, naye kwa nani. Tarikhi ya Kilwa tunayo kwa njia mbili, ya Kireno iliyohifadhiwa na João de Barros na ya Kiarabu, na hazilingani katika kila jina wala kila mfuatano wa masultani. Anayeisoma Fire & Blood kwa jicho hilo hatashangaa skrini ikienda njia ya nne ambayo hakuna mpokezi hata mmoja aliyeisimulia.

Mfano ni Laenor Velaryon, mume wa Rhaenyra. Kitabu kinasema aliuawa kwa kisu na Qarl Correy. Kipindi cha 7 cha msimu wa 1 kinaonyesha mwili wa mtu mwingine ukiungua, na Laenor akiondoka kwa mashua amenyoa kichwa. Wanahistoria wamedanganywa, sisi tunajua. Sawa. Lakini mwishoni mwa kipindi cha 6 cha msimu wa 2 joka lake, Seasmoke, linamchagua Addam awe mpandaji wake mpya, na kanuni wanayoishika wasomaji ni kwamba joka halichukui mpandaji mpya wa kwanza akiwa hai. Basi ama Laenor amekufa huko alikokimbilia, ama kanuni hiyo skrini haiitambui, ama waandishi walimsahau. Nadharia tamu ni ya kwanza, na wengi wanaishikilia. Mimi naegemea ya tatu, kwa sababu moja: katika kipindi hicho hicho Rhaenyra anamruhusu mlinzi wake Steffon Darklyn kulijaribu joka hilo, na Rhaenyra ni miongoni mwa wachache wanaojua Laenor hakufa siku ile. Fumbo lililofumbwa lingempa Rhaenyra hapo hata mtazamo mmoja wa wasiwasi. Sikuuona. Likija tukio linalomtaja Laenor akiwa hai au akiwa maiti, hoja yangu imekufa.

Kukosekana kwa mtu nako ni dalili. Kitabuni Aegon na mkewe Helaena wana mtoto wa tatu, Maelor. Skrini haina. Septemba 2024 Martin aliandika hadharani, kisha akayaondoa maandishi hayo, akieleza kwamba sababu alizopewa zilikuwa za kazi: mtoto wa miaka miwili huchelewesha upigaji picha na kuongeza gharama. Akaonya pia kwamba mtoto huyo mmoja akitoka, matukio ya mbele yanayomtegemea yanalegea. Anayebashiri yanayofuata msimu wa 2 kwa kitabu mkononi aanze na Maelor: apige mstari kila ukurasa anaotajwa, maana kila mstari ni tukio ambalo ama litapata mbebaji mwingine ama halitakuja.

Hadithi yenyewe inaonya juu ya kusoma vibaya. Kipindi cha 8 cha msimu wa 1, Mfalme Viserys (si yule wa Dragonstone) akiwa kufani anamtaja Aegon Mshindi na ndoto yake, na mkewe Alicent anasikia ni mwanawe Aegon. Somo wawili, jina moja, vita. Katika nyumba ambazo kila mjukuu hupewa jina la babu, hakuna asiyeelewa kosa hilo linavyowezekana.

Anayesema kwa fumbo la kweli, la makusudi, ni Helaena. Kila neno lake hadi sasa limechaguliwa. Kipindi cha 6 cha msimu wa 1 anasema itabidi nduguye Aemond afumbe jicho moja. Kipindi cha 7 Aemond anapata joka na kupoteza jicho. Kipindi cha 8 anaonya juu ya mnyama aliye chini ya mbao. Kipindi cha 9 joka Meleys linapasua sakafu. Wako waliosema mnyama yule ni mwinda panya na mwenzake walioingia chumbani kwake mwanzo wa msimu wa 2, na sioni sababu ya kuwakatalia: fumbo zuri huweza kufunguka mara mbili.

Ndiyo maana maneno yake ya kipindi cha 8 cha msimu wa 2 yanastahili kusomwa herufi kwa herufi. Anamwambia Aemond kwamba atakufa, amemezwa na ziwa Gods Eye, na hakuonekana tena. Wasomaji walitikisa vichwa: ndivyo ilivyo kitabuni. Sivyo. Kitabuni Aemond alionekana tena. Miaka baadaye mifupa yake ilitolewa ziwani pamoja na joka lake Vhagar, bado amefungwa minyororo kwenye tandiko, na Dark Sister, upanga wa Daemon, ukiwa kwenye tundu la jicho. Ambaye mwili wake haukupatikana ni Daemon, aliyepigana naye juu ya ziwa, na waimbaji wakasema alinusurika akaenda kuishi na msichana Nettles, mpanda joka. Nettles hayumo katika misimu miwili hiyo. Joka la mwituni linalofanana na lake limetafutwa na Rhaena, bintiye Daemon.

Helaena hajawahi kukosea neno. Ikiwa waandishi bado wanamtumia kwa uangalifu ule ule, basi katika skrini mwili usiopatikana umehamishwa kutoka kwa Daemon kwenda kwa Aemond, na Daemon atakuwa na maiti, tena maiti inayoweza kuonekana na bintiye. Daemon atakapopanda joka lake Caraxes kuelekea ziwani, tazama kama Rhaena yuko karibu. Akiwa mbali, na mifupa ya Aemond ikatolewa pamoja na upanga wa Daemon, futa yote niliyoandika katika aya hii.